Kujishusha au Kudunisha? Maana na Tafsiri ya Neno 'Condescending'

Utangulizi

Chukua mfano wa mfanyakazi anayelalamika kwa Kiingereza kwamba msimamizi wake ni 'condescending'. Mfasiri anafungua kamusi, anaona kuwa kitenzi cha neno hilo kinahusu kushuka, kisha anaandika kwamba msimamizi huyo 'hujishusha'. Kwa neno moja tu, lalamiko limegeuka sifa. Makala haya yanachunguza chanzo cha kosa hilo na kupendekeza namna ya kuliepuka.

Asili na mabadiliko ya maana

Kitenzi 'condescend' kina asili ya Kilatini, na kiini chake ni kuteremka. Katika Kiingereza cha karne ya 18, kilitumika zaidi kwa sifa. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 inakieleza kuwa ni tendo la mkubwa kuacha kwa hiari ukubwa wake na kujiweka sawa na walio chini. Hii ndiyo maana ambayo 'kujishusha' kunayo katika Kiswahili hadi leo, yaani unyenyekevu.

Riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice (1813), inaitilia shaka sifa hiyo. Kasisi Collins hachoki kumsifu mfadhili wake, Lady Catherine de Bourgh, kwa kukubali kuteremka hadi kwa watu kama yeye. Msomaji, hata hivyo, anaona mengine. Bibi huyo humwelekeza mke wa Collins hata namna ya kutunza ng'ombe na kuku wake. Aidha, anamruhusu Elizabeth Bennet kufanya mazoezi ya piano katika chumba cha Bi. Jenkinson, anayemtunza bintiye, kwa kuwa huko hatamsumbua mtu. Wema umetolewa na mgeni amedunishwa papo hapo. Kadiri watu walivyozidi kukataa kwamba wengine wamezaliwa juu na wengine chini, ndivyo maana ya lawama ilivyotawala. Anayeteremka kwa mwenzake sharti kwanza ajione yuko juu yake.

Tatizo la kisawe

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribia dhana hii, ila kila moja lina upungufu. 'Dharau' huweza kuwa ya wazi, ilhali tabia inayozungumziwa hujificha nyuma ya upole. 'Kiburi' hueleza jinsi mtu anavyojiona, si lazima jinsi anavyomtendea mwenziwe. 'Kusimanga' kunaunganisha wema na dharau, lakini anayesimanga hutaja waziwazi msaada aliokwisha kuutoa.

Neno jirani, 'patronising', linatoa mwanga zaidi. Asili yake inahusiana na baba, na nomino yake, 'patron', vyama vya wanafunzi huiita 'mlezi'. Ulezi ni wema kwa anayeuhitaji. Kumlea mtu mzima ambaye hakuomba kulelewa ni kumvunjia heshima. Ndivyo ilivyokuwa nchini Kenya wakati wa ukoloni, wanaume wenye wake na watoto walipoitwa 'boi' katika nyumba za walowezi.

Isitoshe, tabia hii haihitaji tusi lolote. Mathalani, katika kauli 'Hongera, hata wewe umeelewa!' neno la kwanza ni la pongezi. Dharau yote imebebwa na 'hata', linalofichua kwamba msemaji hakumtarajia mwenzake aelewe. Msikilizaji anaumia, lakini akilalamika ataambiwa kwamba alipongezwa.

Pendekezo na hitimisho

Kwa kuwa hakuna neno moja linalotosha, mfasiri hana budi kuongozwa na muktadha. Panapozungumziwa namna ya kusema, 'alimweleza kama anayemweleza mtoto' hufaa. Panapozungumziwa msaada, 'alimsaidia huku akimdunisha' huhifadhi pande zote mbili. Pale inapobidi kuitaja tabia yenyewe, 'dharau iliyovikwa upole' inaeleweka. 'Kujishusha' kutumike tu katika maandishi ya kale ambamo sifa ilikusudiwa. Hata humo, mfasiri achunguze ni nani anayesema, kwani sifa ya Collins si sifa ya Austen.

Kwa kumalizia, kisawe hakipatikani kwa kufuata asili ya neno pekee. Mfasiri ajiulize pia aliyeambiwa neno hilo alihisi nini, ameheshimiwa au amedunishwa.