Kuhamisha modi ya Skyrim kwenda Xbox na PlayStation: kazi ya kupunguza

Wanaoniuliza jinsi ya kupeleka modi ya Skyrim kwenye konsoli huanzia mwisho: nabonyeza wapi ili ipande? Kupandisha si kazi. Kazi iko kabla ya hapo, na karibu yote ni kupunguza: unaamua kipi kibaki, kipi kijengwe upya, na kipi ukiage.

Modi yangu ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni maandishi: majina ya silaha, vyakula na dawa, pamoja na baadhi ya vitabu vya ndani ya gemu, yote kwa Kiswahili. Ya pili ni nyumba nje kidogo ya mji wa Solitude, yenye mlango wa nakshi kama ile ya Mji Mkongwe, baraza mbele na vidaka ukutani. Kwenye kompyuta zilikaa katika plagini moja bila shida. Lakini marafiki zangu wengi wanacheza Xbox au PlayStation, maana kompyuta ya kubeba gemu kama hii ni pesa nyingi, na nilikuwa nimechoka kuwatumia picha za nyumba wasiyoweza kuingia.

Anza na utegemezi. Fungua plagini yako ndani ya SSEEdit, programu ya bure, utazame juu kabisa palipoorodheshwa faili mama. Kama kuna faili mama ambalo halipo kwenye konsoli, ama uliondoe au usiendelee. Adui mkubwa ni SKSE. Hiyo ni programu inayojiunga na gemu inapowaka na kuzipa skripti uwezo ambao Bethesda, kampuni iliyotengeneza gemu, haikuuweka. Konsoli hairuhusu programu ya nje kuishika gemu namna hiyo, basi kila modi inayoitegemea SKSE inabaki kwenye kompyuta. SkyUI, menyu ambayo watu wa kompyuta hawawezi kuishi bila hiyo, ni mojawapo. Na SKSE haionekani kwenye orodha ya faili mama. Inabidi uzisome skripti zenyewe uone kama kuna amri zake.

Mimi nilikuwa na ukurasa wa mipangilio uliojengwa juu ya SkyUI: kuwasha taa, kubadili mapambo, mambo madogo. Nafasi yake nikaweka kitabu juu ya meza. Ukikisoma, kinatokea kisanduku chenye machaguo, na skripti ya kawaida ya gemu inatosha kukiendesha. Mbinu hii ni ya zamani kwa waundaji wa modi za konsoli, na kusema kweli sasa naipenda kuliko menyu.

Pili, ruhusa. Modi zilipofika kwenye Xbox One kupitia Fallout 4, mwishoni mwa Mei 2016, haukupita muda kabla waundaji wa modi za kompyuta hawajaanza kukuta kazi zao zimepandishwa na watu wasiowajua. Wengine walikasirika mpaka leo hawataki kusikia neno konsoli. Kwa hiyo soma sehemu ya ruhusa kwenye ukurasa wa kila kitu ulichoazima. Ruhusa ya kutumia haimaanishi ruhusa ya kuhamisha. Kwenye tovuti ya Nexus Mods hayo mawili hutajwa kila moja peke yake. Taa za nyumba yangu zilitengenezwa na mtu mwingine. Nilimwandikia, hakujibu, nikazitoa na kuweka taa za gemu yenyewe. Kimya si ruhusa, hata kama mwenyewe hajaonekana mtandaoni kwa miaka.

Sasa uzito. Skyrim Special Edition inampa mchezaji wa Xbox gigabaiti 5 za modi zote kwa pamoja, na wa PlayStation gigabaiti 1. Hiyo nafasi si yako peke yako. Unagombea na modi nyingine zote anazozipenda. Kinachonenepesha modi ni tekscha, yaani picha zinazovishwa maumbo. Tekscha ya pikseli 4096 kwa 4096 iliyobanwa kwa mtindo wa BC7 inakula megabaiti 16, na zaidi ya 21 ukijumlisha nakala zake ndogo zinazotumika kitu kikiwa mbali. Ukiishusha hadi 1024 kwa 1024, haifiki megabaiti moja na nusu. Kila ukigawa upande kwa mbili, uzito unabaki robo. Mlango wangu ulikuwa na tekscha ya rangi na nyingine ya mabonde na miinuko ya nakshi, zote 4096. Ile ya rangi niliishusha hadi 1024, ya miinuko nikaiacha 2048, kwa sababu nakshi bila kina ni ubao uliochorwa tu. Mchezaji amekaa mbali na televisheni. Tofauti haioni.

Usifute zile nakala ndogo ili kuokoa nafasi. Bila hizo ukuta utametameta ukiwa mbali, na konsoli itasoma picha nzima hata kwa kitu chenye ukubwa wa kidole kwenye skrini. Xbox One ya kwanza ina gigabaiti 8 za kumbukumbu, na mfumo wenyewe unachukua sehemu yake.

PlayStation ni habari nyingine. Septemba 2016 Bethesda ilitangaza kwamba Sony haikukubali modi ziingie kwa namna zinavyopaswa kufanya kazi. Mwezi uliofuata wakaelewana, lakini kwa sharti kwamba modi isilete faili la nje. Hakuna umbo jipya, tekscha mpya, sauti mpya wala skripti mpya. Unatumia vilivyomo ndani ya gemu tu. Linalonishangaza ni kwamba PlayStation 3 iliwahi kuwa mbele hapa: Unreal Tournament 3, iliyotoka 2007, iliruhusu modi zilizotengenezwa kwenye kompyuta ziingizwe kwa flashi, wakati toleo la Xbox 360 halikuruhusu.

Kwa hiyo niligawa modi mara mbili. Maandishi yalipita PlayStation bila kuguswa, kwa sababu jina la upanga halikai kwenye faili la nje. Liko ndani ya plagini, mradi usiifanye iwe ya lugha nyingi, maana hapo maandishi huhamia kwenye mafaili ya pembeni. Na Kiswahili kina bahati: herufi zake zote zimo kwenye fonti ya gemu, hata ng' ya ng'ombe. Lugha yenye herufi za ziada ingehitaji fonti mpya, na fonti ni faili la nje.

Nyumba ilibidi nijenge upya. Mlango wa nakshi ukaaga. Baraza nililiunda kwa mawe ya Solitude yaliyolazwa, vidaka kwa rafu za ukutani nilizozizamisha nusu ndani ya ukuta. Kitabu cha mipangilio nacho kikaondoka, kwa kuwa skripti yake ilikuwa mpya. Si nyumba ileile, na kwenye maelezo nimeandika hivyo waziwazi.

Kuhusu maandishi, kuna mtego. Gemu haiunganishi mabadiliko ya modi mbili kwenye kitu kimoja. Ya chini kwenye orodha inafuta ya juu yake. Modi yangu ikibadili jina la upanga, na nyingine ikabadili makali yake, itakayokuwa chini ndiyo itakayoshinda kwa kila kitu. Kwenye kompyuta mchezaji anajitengenezea kiraka. Kwenye konsoli hawezi. Nawashauri wachezaji waiweke yangu juu kabisa. Afadhali upanga mmoja ubaki na jina la Kiingereza kuliko kufuta marekebisho ya mtu mwingine.

Kufungasha na kupandisha kunafanyika ndani ya Creation Kit, ambayo mwenye gemu kwenye Steam anaipata bure. Safisha plagini kwanza kwa SSEEdit, uondoe mabadiliko uliyoyafanya bila kukusudia. Kisha chagua jukwaa sahihi: furushi la Windows halifai Xbox, kwa kuwa tekscha za Xbox hupangwa kwa namna yake.

Jaribu kwenye konsoli yenyewe. Kwenye kompyuta tumezoea kuandika amri na kutua mlangoni. Kwenye Xbox hakuna pa kuandika amri, kwa hiyo unapanda gari la farasi pale Whiterun, unashuka Solitude, unatembea. Ndivyo utakavyogundua kama njia ya kufika inakwama, jambo ambalo ukiwa kwenye kompyuta hulioni kamwe. Jaribu pia baada ya kucheza saa kadhaa mfululizo, si dakika tano. Mtu akikwambia nafasi imejaa wakati ameshafuta modi zake, huenda ni nafasi hewa ya Xbox: afute ile nafasi iliyotengwa kwenye usimamizi wa gemu, kisha apakue modi upya. Mwambie mapema, bando si bure.

Kwenye maelezo, taja uzito, mahali pa kuiweka kwenye orodha, na kwamba modi huzima tuzo za gemu. Ukija kuiboresha, usibadili kamwe jina la faili la plagini. Gemu iliyohifadhiwa inaikumbuka modi kwa jina hilo. Likibadilika, kwake hiyo ni nyumba nyingine, na sanduku ambalo mchezaji alijaza mali zake linapotea na vyote vilivyomo.