TEMBO LA MNAZI NA HESABU YA KALORI

Mkulima mpenzi, shambani umezoea hesabu: mbegu kiasi gani kwa ekari, mbolea kiasi gani kwa shimo. Somo la mwezi huu ni hesabu ya kinywaji. Toka Likoni hata Kisauni na Changamwe utamsikia mtu akisema, "Mimi sili sana, lakini tumbo laongezeka." Mara nyingi jibu limo katika kopo la jioni, maana watu huhesabu sahani wakalisahau kopo.

Asiyekunywa, kwa ajili ya dini au kwa hiari yake, asianze kwa sababu ya somo hili. Twasema na yule anywaye.

1. Kalori ni nini?

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula, kama vile lita ilivyo kipimo cha maji. Gramu 1 ya wanga au sukari ina kalori 4. Gramu 1 ya mafuta ina kalori 9. Gramu 1 ya kileo, yaani kile kinacholevya, ina kalori 7. Basi kileo kimekaribia mafuta kuliko sukari. Lakini hakijengi mwili kama samaki au kunde. Tena mwili hukichoma kileo kwanza, na mafuta ya chakula yakangoja na kuwekwa akiba tumboni.

2. Tembo hupataje nguvu?

Mgema hulikata karara kwa kotama, na utomvu ukadondoka katika kibuyu. Utomvu ule ni mtamu kwa sababu una sukari nyingi. Hamira zilizomo hewani na kibuyuni huanza kuila sukari mara moja, zikaigeuza kuwa kileo na povu. Gramu 100 za sukari zikichacha zote hutoa kama gramu 50 za kileo. Sasa fanya hesabu: sukari 100 mara 4 ni kalori 400, kileo 50 mara 7 ni kalori 350. Kumbe kuchacha hakuondoi kalori nyingi! Tembo tamu la asubuhi si jepesi, wala tembo kali la jioni si jepesi. Kinachobadilika ni ukali.

3. Hesabu ya wiki

Tuseme nusu lita ya tembo ina gramu 20 za kileo na gramu 20 za sukari iliyobaki. Hizo ni kalori 140 na 80, jumla 220. Makopo matatu ni 660, karibu sawa na ugali wa gramu 180 za unga. Ukinywa hivyo siku nne kwa wiki, ni 2,640. Wiki tatu, 7,920. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Basi kalori hizo zikiwa za ziada tupu, umejiongezea karibu kilo moja bila kutia tonge kinywani.

Mvinyo wa zabibu nao una hesabu yake. Bilauri ya mililita 150 ina kama kalori 120.

4. Ufanyeje?

Kwanza, kula kabla ya kunywa. Usiache maharagwe au samaki ili upate nafasi ya kopo. Tumbo tupu hulevya upesi, na mwili hukosa vya kuujenga.

Pili, punguza vya kukaangwa vinavyofuatana na tembo. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kama kalori 120. Chagua samaki wa kuchoma au muhogo wa kuchemsha.

Tatu, pima. Mnywaji wa mrija hajui amekunywa kiasi gani. Mimina katika kopo unalojua kipimo chake, uamue idadi kabla ya kuketi.

Nne, wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wewe yanywe maji kando, kopo kwa kopo. Hata dafu lafaa: maji yake, mililita 300, hayapiti sana kalori 60.

Tano, usijidanganye kwa matembezi. Mtu wa kilo 70 akitembea upesi saa nzima hutumia kama kalori 250 hadi 300, yaani kopo moja tu na kidogo.

5. Wasionywa kabisa

Mama mjamzito asinywe. Mwenye kisukari atumiaye dawa amwulize daktari kwanza. Sheria ya mwaka 2010 yakataza kumwuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Tena mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari yoyote kwa afya. Kwa hiyo kidogo ni bora kuliko kingi, na kuacha ni bora kuliko kidogo.

Kumbuka pia kwamba karara lililogemwa halizai nazi. Kila kopo lina bei mbili: ya mwili na ya shamba.

Maswali

1. Gramu 30 za kileo zina kalori ngapi?
2. Kwa nini tembo tamu si jepesi?
3. Andika makopo yako ya wiki hii, uzidishe kwa 220. Jumla yako ni sawa na unga kiasi gani, ikiwa gramu 100 za unga zina kalori 360?