TAKA ZA BARA NA BAHARI YETU



Somo la leo ni juu ya taka za plastiki. Mwaka 2016 wajuzi walitoa hesabu kwamba, watu wakishika mwendo huu, huenda ifikapo 2050 uzito wa plastiki baharini ukapita uzito wa samaki. Basi na tuifikiri siku hiyo: mjukuu wa mvuvi wa Kipini atupa jarife, avuta, apata chupa na vifuko, samaki amekuwa hadithi ya wazee.

Huenda mtu akauliza: Taka za bara zatuhusu nini sisi wa pwani? Jawabu ni kuwa maji ni mamoja. Litazame soko la Gakindu, huko Mukurwe-ini, Nyeri. Jina lake masikioni mwetu lafanana na mkindu, mti tusukao kwa makuti yake mikeka na vikapu. Maji ya upande huo huteremkia mto Sagana, na Sagana ndio Tana, umwagikao baharini karibu na Kipini. Kitu kilichotupwa mtaroni huko chaweza kuchukuliwa na mvua, na kisiponaswa na mabwawa ya njiani, mwisho wake ni kwetu. Wala plastiki haiozi. Humeguka vipande vidogo, samaki akavila, nasi tukamla samaki.

Lakini tusikate tamaa. Bibi Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, alihimiza watu waache mifuko hiyo na warudie vikapu vyao. Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006. Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017, adhabu ikiwa kifungo hadi miaka 4 au faini hadi shilingi milioni 4. Wako waliosema biashara itakufa. Haikufa.

Hata hivyo sheria hiyo ni ya mifuko. Chupa zingali zatapakaa. Mafundi wa Lamu waliunda jahazi la taka za plastiki, Flipflopi, likafika Unguja mwaka 2019. Ni kazi ya kusifiwa, ila jahazi moja halitabeba uzembe wa miji yote.

Basi kabla ya kumlaumu mtu wa bara, tuutazame mtaro wa mlangoni petu baada ya arusi. Tumesomeshwa chuoni kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Je, mwenye kuuweka ana hali gani?

Mwenyezi Mungu atuwafikishe.