Nani Anachora? Kujenga na Kupima Kiendeshi cha Michoro kwenye Raspberry Pi 4

Mtu akikuambia "picha si inaonekana, basi iko poa", mwulize swali moja tu: nani ameichora? Somo la leo ni hilo. Mimi nasoma ualimu, sisomi uhandisi wa kompyuta, kwa hiyo nitalifundisha kwa jicho la ualimu: kipimo kizuri ni kipi?

Kwanza tuelewane maneno. Raspberry Pi 4 ni kompyuta ya bodi moja iliyotoka Juni 2019. Mle ndani kuna prosesa kuu yenye viini vinne, na kuna prosesa ya michoro iitwayo VideoCore VI. Hii ya pili ndiyo iliyoumbwa kwa kazi ya kuchora. Lakini programu yako haiongei nayo moja kwa moja, inahitaji mkalimani. Mkalimani huyo ndiye kiendeshi, au draiva kama mafundi wetu wanavyoita.

Kwenye Linux wakalimani wengi wa aina hii wanakaa ndani ya mradi mmoja huria, Mesa, ulioanzishwa na Brian Paul mwaka 1993. Kwa Pi 4 kiendeshi cha OpenGL kinaitwa v3d, na cha Vulkan kinaitwa v3dv. Kwa kuwa ni programu huria, msimbo wake uko wazi: unaupakua, unausoma, unaujenga mwenyewe.

Sasa hapa ndipo mtego ulipo. Mesa ina mchoraji wa akiba, llvmpipe, anayechora kwa kutumia prosesa kuu pale kiendeshi halisi kinapokosekana. Ni kama mwalimu wa Fizikia hayupo, halafu mwalimu wa zamu anaingia na kusema "someni kimya". Ukichungulia dirishani utaona darasa limetulia. Ila Fizikia haifundishwi.

Nilikutana na jambo hili kwenye mazoezi ya kufundisha. Shule ilikuwa na bodi kadhaa za Pi 4, na wanafunzi wa kidato cha tatu walizitumia kutazama maumbo ya pande tatu. Ukizungusha mchemraba, unakwama, unaruka, unakwama tena. Mwalimu wa somo alishakata tamaa. "Mwalimu, hizi mashine zimechoka tu," akaniambia, "zirudi stoo, tuchore ubaoni." Nikamwomba, "Naomba uniazime moja mpaka Jumatatu, Mwalimu." Akakubali.

Kipimo cha kwanza ni mstari mmoja (kifurushi chake kinaitwa mesa-utils):

glxinfo -B

Tafuta palipoandikwa "OpenGL renderer string". Kwenye Pi 4 iliyo sawa utaona V3D 4.2. Mimi niliona llvmpipe. Yaani prosesa kuu ilikuwa inafanya kazi mbili, na VideoCore imekaa tu.

Je, tatizo ni kiendeshi cha zamani, au chipu yenyewe? Ili kujua, nilijenga Mesa yangu, kwa makusudi bila mchoraji wa akiba:

sudo apt build-dep mesa
git clone --depth 1 https://gitlab.freedesktop.org/mesa/mesa.git
cd mesa
meson setup build -Dgallium-drivers=v3d,vc4 -Dvulkan-drivers=broadcom -Dllvm=disabled -Dbuildtype=release
ninja -C build -j2

Mstari wa kwanza unaleta vifaa vya kujengea. Hakikisha deb-src imewashwa kwenye mfumo wako. Neno "depth 1" linaokoa bando, maana unapata hali ya sasa ya msimbo bila historia yake yote. Meson ikilalamika kwamba ni ya zamani, chagua toleo la Mesa la nyuma kidogo. Na "-j2" inazuia ninja kutumia viini vyote kwa pamoja, kwa sababu bodi yenye RAM ya GB 2 inaweza kuishiwa kumbukumbu katikati ya kazi. Ukishaanzisha, nenda ukale. Kazi hii haina haraka.

Huna haja ya kufuta Mesa ya mfumo. Jaribu yako pembeni:

meson devenv -C build glxinfo -B

Safari hii hakikutokea kitu zaidi ya ujumbe wa kosa. Nilifurahi, kwa sababu hatimaye kipimo kilikuwa kimekubali kufeli. Mchoraji wa akiba hayupo, kwa hiyo hakuna wa kuficha ukweli kwamba mfumo hauioni kabisa prosesa ya michoro. Nikafungua faili /boot/firmware/config.txt. Mstari huu haukuwepo:

dtoverlay=vc4-kms-v3d

Ndio unaoiambia keneli ya Linux iwashe upande wa michoro. Nikauandika, nikawasha upya, nikarudia kipimo: V3D 4.2, na kwenye mstari wa toleo kukawa na neno "git", uthibitisho kwamba ni Mesa niliyoijenga mimi inayojibu. Nikarudi kwenye Mesa ya kawaida ya mfumo: V3D 4.2 vilevile. Kumbe mashine hazikuchoka. Jumatatu tuliongeza mstari ule kwenye bodi zote, na mchemraba ukazunguka.

Usiishie hapo, maana kuchora na kuchora sawasawa ni mambo mawili. Wengi hukimbilia glxgears, yale magurudumu yenye meno, wakasoma namba na kujisifu. Kwa kawaida namba hiyo hufungwa na kasi ya kioo: kioo cha 60 Hz kitakupa karibu 60 hata kama chipu ina nguvu ya ziada. Kwa kasi tumia glmark2, yenye kazi za aina mbalimbali. Kwa usahihi kuna piglit na dEQP, mikusanyo ya majaribio mengi madogo yanayolinganisha kilichochorwa na kilichotakiwa.

Na kama toleo jipya limeharibu kitu kilichokuwa kinafanya kazi? Hapo utahitaji historia yote ya msimbo, kisha git bisect. Inakata orodha ya mabadiliko katikati, unajenga, unapima, unasema zuri au baya, inakata tena. Mabadiliko 1,000 yanamalizika kwa majaribio kama 10 tu, kwa sababu 2 kwa kipeo cha 10 ni 1,024. Mwalimu wa Hisabati, mfano wa vipeo huo hapo.

Wenzangu wa ualimu, tunafundishwa kwamba mtihani lazima upime kile unachodai kupima. Mtihani ambao hauwezi kumfelisha asiyejua haumwambii mwalimu lolote, hata darasa zima likipata A. Kwa hiyo, kabla hujaamini matokeo yoyote, ya mashine au ya mwanafunzi, uliza mambo matatu. Nani hasa amefanya kazi hii? Kama uwezo usingekuwepo, kipimo kingeonyesha? Na mtu mwingine akirudia, atapata jibu lile lile? Ukiyajibu hayo ndipo useme mashine imechoka, au mtoto hana akili.