Sanduku Jepesi na Zito

Katika nchi ya Ufaransa alikuwako fundi wa saa, jina lake Jean-Eugène Robert-Houdin, aliyezaliwa mwaka 1805. Mtu huyu alijifunza pia mazingaombwe, akawa mashuhuri. Mwaka 1856 serikali yake ilimpeleka Algeria, nchi ambayo Wafaransa walikuwa wakiitawala kwa nguvu. Wenyeji waliwaheshimu watu wao waliosifiwa kwa miujiza, na watawala walihofu kwamba hao watawachochea kuasi. Basi ikatakiwa fundi yule aonyeshe miujiza mikubwa zaidi.

Katika mji wa Algiers, mbele ya wakuu wa makabila, alileta sanduku dogo, akamwita mtu mmoja mwenye nguvu aliinue. Mtu yule akaliinua kwa urahisi. Ndipo fundi akatangaza kwamba anamwondolea nguvu zake. Yule mtu akashika tena mpini, akavuta, akatweta, sanduku lisijongee. Mara akapiga ukelele, akaanguka magotini, kisha akakimbia hali amejifunika uso.

Je, alirogwa? La. Sanduku lilikuwa na chuma chini yake, na chini ya jukwaa ilifichwa sumaku ya umeme. Umeme ulipopita, sumaku ililishika sanduku, ulipokatwa, ililiachilia. Ukelele ule ulitokana na umeme uliopitishwa katika mpini. Nguvu za mtu yule hazikupungua hata kidogo. Alichokosa ni maarifa. Baadaye wakalimani waliagizwa kuwaeleza watu kwamba yale si uchawi bali ustadi. Lakini hofu ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake.

Mwalimu mwema hutumia mazingaombwe hayo kwa kusudi jingine. Hutwaa msumari mnene, akauzungushia waya mwembamba wa shaba uliovikwa mpira, mara 50 au zaidi. Ncha mbili za waya huzichuna, apate kuzigusisha betri ya tochi. Kisha hufunika vyote kwa kitambaa, ncha ya msumari tu ikichomoza. Akisema, “Njoni!” pini hung'ang'ania msumari, akisema, “Shukeni!” huanguka. Huwaacha watoto wastaajabu, wabishane, na kubahatisha sababu. Mwisho huondoa kitambaa, kila mtoto ajaribu kwa mkono wake. Huwaonya wasiache waya umeshikana na betri kwa muda mrefu, maana hupata moto. Wala wasiguse kamwe umeme wa nyumbani, maana huo huua.

Kwa kanuni hiyo hiyo mafundi walitengeneza kengele za umeme, na winchi ziinuazo vyuma chakavu. Mwendeshaji akikata umeme, mzigo huanguka mahali atakapo.

Mtoto aliyetengeneza sumaku hiyo mwenyewe hatatishwa kwa sanduku la mtu. Atauliza kwanza, “Chini yake pana nini?”

MASWALI
1. Kwa nini mtu mwenye nguvu alishindwa kuliinua sanduku?
2. Pini huanguka wakati gani, na kwa sababu gani?
3. Mwalimu aliyeondoa kitambaa na fundi wa Algiers walitofautianaje?