Gari Libaki Stesheni: Nani Apunguziwe Ada ya Maegesho?

Rais Mwai Kibaki alipofungua stesheni ya Syokimau Novemba 2012, wakazi wa Mlolongo, Athi River na Kitengela walipata namna mpya ya kuikwepa foleni ya Mombasa Road: waache magari pale, wapande treni, na baada ya kama nusu saa wawe mjini. Mtindo huo umezoeleka siku nyingi Uingereza, Marekani na Australia, na ubishi wake nao ni wa siku nyingi. Abiria wa kila siku alipe kiasi gani kuegesha? Mpangaji wa usafiri anajibu maswali ya wasomaji.

Magari yamejaa kila asubuhi. Kwa nini shirika la reli lipunguze bei badala ya kuipandisha?

Kwa sababu shirika la reli linauza kiti cha treni. Uwanja wa magari ni njia tu ya kumfikisha mteja kwenye kiti hicho. Anayesafiri kwenda na kurudi siku zote za kazi analipa nauli zaidi ya mara arobaini kwa mwezi. Ukimkamua kwenye maegesho atapiga hesabu ya mafuta na kuendelea na gari lake hadi mlangoni pa ofisi.

Hesabu hiyo ina mambo mengine pia. Nairobi, katika miaka ya mwanzo ya ugatuzi, ada ya kuegesha katikati ya jiji ilipanda kutoka shilingi 140 hadi 300 kwa siku. Hapo treni ilipata nguvu bila kufanya lolote. Kisha mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya kulipia ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands, na mwenye haraka akapata sababu ya kurudi barabarani. Ada ya stesheni haiwezi kupangwa kwa kuangalia uwanja peke yake.

Mtajuaje kwamba aliyeegesha ni abiria, si mwenye duka la jirani?

Hili ndilo swali ninalolipenda, maana punguzo likikosa mlinzi huliwa na wasiostahili. Stesheni ikishazungukwa na maduka, benki na kliniki, wafanyakazi wa huko hufika kabla ya abiria.

Dawa bora niliyoiona ni ya BART, reli ya eneo la San Francisco. Kwa miaka mingi dereva aliegesha, akakariri namba ya nafasi yake, kisha akalipia kwenye mashine iliyowekwa ndani, baada ya mageti ya tiketi. Hukuweza kulipia maegesho bila kwanza kuingia kama abiria. Hakuna askari aliyehitajika kumuuliza mtu anakwenda wapi! Siku hizi malipo yamehamia kwenye simu na namba ya gari, lakini ule mpango wa mashine nyuma ya geti bado naona ni wa kuigwa na shirika lenye bajeti ndogo.

Sydney wao wanatumia kadi ya nauli, Opal. Katika viwanja vya Park&Ride, aliyeitumia kadi hiyo kusafiri huegesha bure hadi saa 18. Ambaye hakusafiri hulipa, na bei yake haichekeshi. Amsterdam nako unafuu hutolewa pale tu kadi inapoonyesha kwamba ulipanda usafiri wa umma kutoka kwenye maegesho hadi katikati ya jiji na kurudi. Ukitembea kwa miguu, unatozwa bei kamili.

Utaona mwenye duka hajakatazwa kuegesha. Ameambiwa tu alipe bei yake.

Nikinunua pasi ya mwezi, nina uhakika wa nafasi?

Soma masharti kabla ya kutoa pesa. Uingereza, pasi nyingi za maegesho ya stesheni hukupa ruhusa ya kuegesha, hazikupi nafasi. Ukichelewa ukakuta pamejaa, ni shauri yako. Kampuni huuza pasi nyingi kidogo kuliko nafasi zilizopo kwa kuwa kila siku kuna wagonjwa na walio likizo, na kawaida hesabu hiyo hukubali. Jumanne yenye mvua inaweza kukataa.

BART ina kibali cha mwezi chenye nafasi iliyotengwa, ila lazima ufike kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo eneo hilo hufunguliwa kwa yeyote anayelipa ada ya siku. Mimi naliunga mkono sharti hilo. Nafasi iliyowekewa mtu ambaye hakuja inakaa tupu mchana kutwa, huku abiria wa saa nne na nusu akizunguka akitafuta pa kuegesha.

Naenda ofisini siku tatu tu kwa wiki. Pasi bado inanifaa?

Chukua bei ya pasi, igawe kwa ada ya siku. Tuseme ada ni shilingi 200 na pasi ni 3,000: pasi inaanza kukulipa baada ya siku 15. Siku tatu kwa wiki ni kama siku 13 kwa mwezi. Umewachangia wengine.

Pasi za mwezi zilibuniwa kwa ajili ya karani wa siku tano, na karani huyo amepungua tangu janga la korona. Reli za Uingereza zililikubali hilo Juni 2021 zilipoanzisha tiketi ya Flexi Season, yenye siku nane za kusafiri ndani ya siku 28. Upande wa maegesho ulikuwa mzito zaidi kubadilika, na wengi waliopata tiketi ya treni inayolingana na ratiba yao walijikuta bado wanauziwa maegesho ya mwezi mzima. Anayekuja mara tatu kwa wiki bila kukosa ni mteja wa kudumu. Muulize wakala kama anauza kifurushi cha siku kumi. Asipokuwa nacho, lipa kila siku.

Mimi nafika stesheni kwa bodaboda na sipunguziwi chochote. Haki iko wapi?

Una hoja, na wenzangu wengi hawapendi kuisikia. Gari moja, ukihesabu na njia ya kupitia, hula mita za mraba 25 hadi 30. Magari 300 yanakaribia hekta nzima, tena mahali ambapo ardhi ni ghali kwa sababu treni ipo. Donald Shoup, aliyekuwa profesa wa UCLA, alieleza katika kitabu chake cha 2005 kuhusu maegesho ya bure kwamba gharama hiyo haitoweki. Hulipwa na kila mtu, hata asiye na gari.

Kwa hiyo punguzo liwe na mpaka. Mwaka 2013 BART ilijiwekea kanuni: kila miezi sita iangalie ujazo wa stesheni, na palipozidi asilimia 95 ada ya siku iongezwe senti 50, hadi dola 3 karibu kila mahali. Perth ilichagua njia nyepesi, dola 2 za Australia kwa siku kwa miaka mingi. Inaeleweka kwa urahisi, ila dola 2 hazimzuii aliye jirani kuja na gari.

Ningepewa Syokimau, ningewapunguzia wenye tiketi za treni za mara kwa mara, kisha kila ujazo ukikaribia kikomo nipandishe bei, na nyongeza hiyo iende kwenye njia za miguu, taa na kituo cha bodaboda chenye paa. Gari la msafiri wa Mombasa anayeliacha siku tatu ningelipeleka uwanja mwingine, kwa bei nyingine.

Nimehamishwa kazi katikati ya mwaka. Nitarudishiwa pesa ya pasi?

Mara nyingi ndiyo, lakini si nusu kwa nusu. Pasi ya mwaka hupunguzwa kwa kuwa umeahidi mwaka mzima. Ukiivunja, miezi uliyotumia huhesabiwa upya kwa bei ya mwezi, kisha ada ya usumbufu hukatwa. Ukiivunja miezi ya mwishomwisho unaweza usipate kitu. Peleka barua siku unayopata habari ya uhamisho, maana marejesho huhesabiwa kuanzia siku ya ombi.