Gundi ya skatingi za bafuni

Swali: Fundi, sakafu ya bafu nimeshaiweka vigae vya posileni, sasa nataka skatingi ya vigae hivyohivyo. Duka moja wananiambia nitumie niru ya saruji, jingine gundi ya ndoo. Nichukue ipi?

Jibu: Ziache zote mbili. Posileni hainywi maji karibu kabisa, kwa hiyo niru haipati pa kushika. Ufagio ukigonga, kipande kinabanduka mgongo ukiwa msafi. Gundi ya ndoo nayo nyingi hulainika zikiloa kila siku. Kwenye sebule kavu nisingekuzuia.

Nunua gundi ya mfuko, ya saruji yenye polima. Soma maandishi: C2 ni ya mshiko mkubwa, na herufi T ikifuata maana yake kigae hakiporomoki ukutani. Bei iko juu, lakini skatingi hazili gundi nyingi.

Ukuta una rangi ya mafuta? Iparue mpaka plasta, kwani gundi itashika rangi, na rangi ndiyo itakayobanduka. Paka gundi na kwenye mgongo wa kila kipande. Chini acha upenyo wa milimita 2 au 3, uuzibe kwa silikoni. Kona hiyo hucheza, grauti itapasuka.